Ukipigiwa simu na kliniki ya saratani, usijibu "nzuri"



Leo nataka kukueleza jambo nililojifunza kwa mama mmoja wa kijiji chetu. Jina lake silitaji. Yeye mwenyewe ameniruhusu kulieleza, ili lililompata lisimpate mwingine.

Mama huyo anatibiwa saratani ya titi, ugonjwa ambao wengi wetu tunauita kansa. Kila baada ya wiki 3 anakwenda hospitali ya rufaa kuwekewa dawa kwenye mshipa, na jioni anarudi nyumbani. Hapo katikati, muuguzi wa kliniki ya saratani anampigia simu kumuuliza hali. Mama hana simu. Hutumia yangu, na mimi hukaa naye kutafsiri, kwa sababu muuguzi anajua Kiswahili cha kusalimia tu.

Ilikuwa siku ya 9 tangu awekewe dawa ya mara ya tatu. Simu ikalia, nikaweka spika.

"Mama, habari yako?"

"Nzuri sana, binti yangu. Mungu anasaidia."

Muuguzi akauliza kama anakula. Mama akasema anakula. Akauliza kama ana homa. Mama akasema, "Hapana, mwambie niko sawa tu." Nikatafsiri. Simu haikufika dakika mbili. Muuguzi akafurahi, akaaga.

Sasa sikiliza, ndugu msomaji. Mimi nilipoingia nilikuwa nimemsalimu mama kwa mkono, na mkono wake ulikuwa wa moto. Ilikuwa saa saba mchana, jua kali, naye amejifunika blanketi. Sahani ya posho ilikuwa pembeni, haijaguswa. Yote hayo niliyaona, nikanyamaza. Mama huyo ni wa umri wa mama yangu mzazi. Niliona ni utovu wa adabu kumwambia muuguzi, "Mama anasema uongo."

Usiku ule saa nane mwanawe alinigongea mlango. Tulimkuta mama anatetemeka na anasema maneno yasiyoeleweka. Kipimajoto kilisoma 39.6. Tulimpakia kwenye pikipiki, mimi nyuma nikimshikilia, mpaka kituo cha afya. Alfajiri gari la wagonjwa likamchukua. Alilazwa siku 11. Leo yupo, anatembea, na anaendelea na matibabu. Lakini daktari wa wodi aliniambia kwamba kama tungengoja kupambazuke, labda tungechelewa.

Kosa halikuwa la simu. Simu ilifika kwa siku yake, na muuguzi aliuliza maswali yanayofaa. Ni sisi wawili tulioificha homa, yeye kwa kusema na mimi kwa kunyamaza.

Kwa nini tunapigiwa simu?

Mgonjwa wa saratani hatibiwi siku moja akamaliza. Anarudi kliniki mara nyingi, kwa miezi, pengine kwa miaka. Kutoka hapa Nakivale hadi Mbarara ni kama kilomita 60. Wengine wanatumwa mbele zaidi, hadi Kampala kwenye Taasisi ya Saratani ya Uganda, iliyoanza kazi pale Mulago mwaka 1967. Kutoka Mbarara hadi Kampala ni kama kilomita 270. Unajua mwenyewe nauli ni nini kwa familia inayoishi kwa msaada, hasa tangu mwaka 2025 ambapo wengi wetu walipunguziwa chakula na wengine kukatwa kabisa.

Nimeona wagonjwa walioacha matibabu nusu njia. Hawakuacha kwa kupenda. Waliuza mbuzi wa kwanza, wakauza godoro, kisha hakukuwa na cha kuuza. Na saratani iliyotibiwa nusu hurudi.

Mwaka 2020, serikali ya Uganda ilipozuia usafiri kwa sababu ya korona, wagonjwa wengi walikwama nyumbani na tarehe zao za kliniki zikapita. Wakati huo, katika nchi nyingi, hospitali zilianza kutumia simu kuliko zamani. Baada ya korona kutulia, kazi hiyo haikuachwa. Ilionekana kwamba si kila safari ya kliniki ilikuwa ya lazima.

Kuna faida nyingine ambayo watu hawaifikirii. Mgonjwa aliye kwenye dawa za saratani ana kinga ndogo. Akikaa saa mbili kwenye taksi iliyojaa watu wanaokohoa, anaweza kupata ugonjwa mwingine. Safari ikipungua, hatari hiyo nayo inapungua.

Yanayofaa kwa simu na yasiyofaa

Wengine wanafikiri simu imekuja badala ya hospitali. Si kweli. Simu inachukua nafasi ya maongezi tu. Haichukui nafasi ya mikono ya daktari.

Haya yanaweza kufanyika kwa simu, kama kliniki yako imekubali:

- Kuulizwa hali yako baada ya kuwekewa dawa, na kushauriwa juu ya kichefuchefu, vidonda vya mdomo, kuharisha au kukosa choo.
- Kufuatilia vidonge unavyokunywa nyumbani. Kwa mfano, baadhi ya akina mama wenye saratani ya titi hunywa tamoksifeni kila siku kwa miaka 5 au zaidi. Si kila mwezi wanahitaji kuguswa na daktari, ila wanahitaji mtu wa kuwauliza kama bado wanakunywa.
- Kurekebisha dawa ya maumivu ambayo umeshaanzishiwa.
- Kupewa tarehe, au kubadilishiwa tarehe.
- Kusomewa majibu ya damu.

Hili la damu nilieleze kidogo. Kabla ya kila dawa ya mshipa, daktari anataka kujua kama damu yako ina nguvu ya kuipokea. Zamani mgonjwa alisafiri, akapimwa, akaambiwa: "Damu iko chini, rudi wiki ijayo." Nauli imekwenda bure. Pale ambapo kituo cha karibu kina mashine ya kuhesabu chembe za damu, unaweza kupimwa huku, majibu yakatumwa kwa simu, nawe ukasafiri siku ambayo una hakika ya kuwekewa dawa. Muulize mhudumu wako kama jambo hilo linawezekana kwako.

Na haya hayafanyiki kwa simu hata kidogo: kuwekewa dawa ya mshipa, mionzi, upasuaji, kukatwa kinyama cha kupima, na kuchunguzwa uvimbe mpya. Kama leo umegusa titi ukakuta kigololi, au unatoka damu ukeni nje ya siku zako, usitafute namba ya daktari. Nenda kituo cha afya kwa miguu yako, ukaguswe na kupimwa.

Kwa nini "nzuri" ni neno la hatari

Sisi tumelelewa hivyo. Mtu akikuuliza habari, unajibu nzuri, hata kama nyumba imeungua jana. Ukishajibu nzuri ndipo unaanza kueleza matatizo. Hiyo ni heshima yetu na siikatai.

Ukiwa mbele ya daktari, "nzuri" yako haina madhara. Anakuona umekonda. Anaona macho ya njano. Anakugusa na kukupima. Lakini kwenye simu daktari hana macho wala mikono. Ana masikio tu, na wewe umeyajaza neno "nzuri". Akiandika kwenye faili "hali nzuri", hakuna atakayekutafuta tena mpaka tarehe ijayo.

Usidhani ni sisi wakimbizi tu wenye tabia hiyo. Wagonjwa wa nchi tajiri nao huwaficha madaktari wao. Mwaka 2017 yalitangazwa majibu ya utafiti uliofanyika New York, Marekani, kwa wagonjwa 766 wa saratani iliyokwisha kusambaa mwilini, waliokuwa wakitibiwa na kurudi nyumbani. Kundi moja lilifuatwa kwa utaratibu wa kawaida wa kliniki. Kundi la pili liliombwa kueleza dalili zao mara kwa mara kwa kompyuta, hata wakiwa nyumbani, na dalili ikizidi, muuguzi alipata habari na kushughulika. Wale walioeleza dalili zao waliishi miezi 31 kwa kadiri ya kati, na wale wa utaratibu wa kawaida miezi 26.

Fikiria, ndugu msomaji. Ni miezi 5 zaidi, na hawakupewa dawa mpya ya saratani. Kilichoongezwa ni kusema mapema panapouma, na kuwepo mtu wa kusikia na kutenda.

Sasa jibu kwa namba

Nilipokwenda kumtazama mama wodini, muuguzi mmoja alinifundisha njia rahisi. Alisema: "Usiniambie vizuri au vibaya. Niambie ngapi." Tangu siku ile nafanya hivi na wagonjwa wote ninaowatembelea:

Joto. Pima kwa kipimajoto kabla simu haijalia, utaje namba. Usiseme "nina homa kidogo". Neno homa kwetu lina maana nyingi. Mwingine husema homa akimaanisha mafua, mwingine malaria, mwingine uchovu. Namba 38 haina maana mbili. Kama huna kipimajoto nyumbani, mwite mhudumu wa afya wa kijiji chako aje nacho.

Maumivu. Tumia vidole vya mikono miwili. Kidole hata kimoja hakuna, huumwi. Vidole vyote 10, ni maumivu ambayo hujawahi kuyaona. Leo ni vidole vingapi? Jana vilikuwa vingapi?

Choo na kutapika. Mara ngapi tangu jana wakati kama huu?

Chakula na maji. Vikombe vingapi vya maji au uji vimekaa tumboni?

Dawa. Vidonge vingapi vimebaki? Vihesabu kabla ya simu. Kama uliruka siku, sema uliruka.

Andika namba hizo kwenye daftari lako la kliniki. Kama hujui kuandika, mwambie mtoto wa shule akuandikie.

Dalili zisizongoja simu

Hapa naomba usome polepole, na umsomee jirani.

Dawa za saratani zinaua chembe zinazokua haraka. Saratani inakua haraka, ndiyo maana inapigwa. Lakini chembe nyeupe za damu, ambazo ni askari wa mwili, nazo zinazaliwa haraka, basi nazo zinapigwa. Mara nyingi zinashuka chini kabisa kati ya siku ya 7 na ya 14 baada ya kuwekewa dawa. Mama niliyekueleza alikuwa siku ya 9. Siku hizo mdudu mdogo ambaye wewe na mimi tungemshinda bila kujua anaweza kumuua mgonjwa kwa siku moja au mbili.

Hapa kambini joto likipanda tunasema ni malaria. Tunakunywa Panadol, tunalala, tunangoja. Kwa mtu aliye kwenye dawa za saratani, kungoja huko ni hatari ya kifo. Panadol inashusha joto lakini haiui mdudu. Inakuficha tu hatari mpaka usiku. Na hata kipimo kikionyesha malaria kweli, bado unaweza kuwa na ugonjwa mwingine pamoja nayo.

Nenda kituo cha afya mara moja, mchana au usiku, bila kungoja siku ya simu, ukiona lolote kati ya haya:

- Joto la 38 au zaidi, au kutetemeka kwa baridi hata kama joto halijapanda.
- Kupumua kwa shida, au maumivu ya kifua.
- Damu inayotoka puani, kwenye fizi, kwenye choo au mkojo, na haikomi.
- Kutapika au kuharisha mpaka huwezi kushika hata maji.
- Mguu mmoja kuvimba na kuuma.
- Mgongo kuuma pamoja na miguu kuishiwa nguvu, au kushindwa kuzuia mkojo.
- Kuchanganyikiwa, au kulala usingizi usioamshika.

Ukifika mapokezi usikae kwenye benchi kungoja zamu. Sema hivi kwa sauti: "Mimi natibiwa saratani, nimewekewa dawa tarehe fulani, nina joto." Onyesha daftari la kliniki. Maneno hayo yanabadilisha namna utakavyopokelewa.

Kutayarisha simu yako

Tangu mwaka 2019 mkimbizi hapa Uganda anaruhusiwa kusajili laini kwa kitambulisho cha mkimbizi au barua ya uthibitisho kutoka OPM. Basi jitahidi uwe na laini iliyo kwa jina lako, na usiibadilishe ovyo. Mgonjwa akibadilisha namba bila kuijulisha kliniki, amepotea.

Acha namba mbili kliniki: yako, na ya mtu unayemwamini asiyehamahama. Siku ya simu, chaji mapema asubuhi, usingoje foleni ya dukani. Kaa mahali penye mtandao. Ukiona namba usiyoijua siku hiyo, pokea. Huhitaji simu kubwa ya picha, sauti inatosha. Kama huna pesa ya simu na una shida, bipu, au mwendee mhudumu wa kijiji chako.

Tahadhari moja. Muuguzi wa kweli hatakuomba pesa kwa simu, wala namba yako ya siri ya Mobile Money. Anayeuliza hayo ni mwizi. Kata simu, ukatoe habari kituoni.

Kuhusu picha: kama daktari anataka kuona kidonda, picha ipigwe na mhudumu wa afya, kwa ruhusa yako, itumwe kwa kliniki na kufutwa. Usitume picha ya mwili wako kwa simu ya jirani.

Nani atatafsiri?

Hili ni gumu kwetu. Daktari anasema Kiingereza au Kinyankole, mgonjwa anasema Kibembe, Kifuliiru au Kinyabwisha. Mara nyingi tunamwita mtoto anayesoma. Ndugu msomaji, usimpe mtoto wako mzigo huo. Mtoto atawezaje kutaja sehemu za siri za mama yake? Na akiambiwa ugonjwa umesambaa, atatafsiri nini? Atasema "nzuri".

Chagua mtu mzima mapema. Mama ana haki ya kuomba mwanamke. Mwambie maneno yasitoke nje. Nawe mtafsiri, sema yote yaliyosemwa, usiongeze wala usipunguze. Ukiona jambo ambalo mgonjwa hakulisema, mwombe ruhusa kwanza: "Mama, naomba nimwambie muuguzi kwamba mkono wako ni wa moto." Hiyo ndiyo sentensi niliyoikosa mimi siku ile. Adabu ingebaki palepale na mama asingefika wodini usiku.

Dawa ya maumivu

Wapo wanaoficha maumivu wakiogopa kupewa mofini, wakisema ni dawa ya wanaokufa. Si hivyo. Hapa Uganda mofini ya maji inatumika kwa wagonjwa wa saratani tangu shirika la Hospice Africa Uganda lilipoanza mwaka 1993, na tawi lake la Mbarara lipo tangu 1998. Mgonjwa anaweza kuinywa, akapata usingizi, akaendelea na matibabu yake. Inafunga choo, kwa hiyo hupewa pamoja na dawa ya kulainisha. Usiiache ghafla wala usiongeze mwenyewe. Mwambie muuguzi idadi ya vidole vyako, naye atakuambia la kufanya.

Hofu tunayoificha

Mama alipopata nafuu nilimuuliza: "Mama, kwa nini ulisema nzuri?"

Alinyamaza kwanza. Kisha akasema: "Mwanangu, niliogopa. Nilifikiri nikisema naumwa watanitoa kwenye orodha. Watasema huyu ameshindwa dawa, nafasi yake apewe mwingine."

Nadhani wengi wetu tuna hofu hiyo. Tumezoea orodha. Orodha ya chakula, orodha ya mahema, orodha ya kusafiri ng'ambo. Tumejifunza kwamba anayelalamika hupoteza nafasi. Nilimpelekea muuguzi swali hilo, naye akanijibu hivi: mgonjwa akisema ana homa, dawa inaweza kusogezwa siku chache mpaka damu ipande, au kipimo chake kikapunguzwa. Hafutwi kwa sababu amesema anaumwa. Anayekosa nafasi kabisa ni yule aliyenyamaza mpaka akafa.

Siku hizi mama akipigiwa simu anakaa wima kwenye mkeka, daftari mapajani. Muuguzi anamwuliza, "Mama, habari yako?" Naye anajibu: "Thelathini na saba nukta moja. Vidole vitatu. Nimetapika mara moja." Kisha anacheka, anasema, "Sasa tusalimiane."

Fanya kama yeye. Toa namba kwanza, salamu zifuate. Na kama kijijini kwako kuna mgonjwa wa saratani ambaye hajapigiwa simu muda mrefu, mwambie mhudumu wa afya aliye karibu nawe. Pengine ni namba tu iliyobadilika.